Makaburi Matatu ya Mzee Vipo

Siku Mzee Vipo alipofariki, nyumbani kwake hapakuwa na kiti cha kumkalisha mfiwa. Mtu aliyekalisha mji mzima kwa viti vyake vya kukodisha, harusini na misibani, aliacha sebule yenye kochi moja lililobonyea katikati na stuli ya jikoni. Waombolezaji wa kwanza walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Walikaa kwa adabu, wakinyoosha migongo, kila mmoja akijitahidi ndoo yake isilie. Kinyozi hajinyoi, mmoja alinong'ona, na mkewe akamfinya.

Viti vya ghalani vyote vilikuwa vimeshapakiwa asubuhi ile kwenda kwenye ukumbi wa harusi. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akikaza kamba ya mzigo. Akasema anapumzika kidogo, akakaa pembeni mwa gari, na hakuinuka tena. Gari likaondoka na viti kwa mlango mmoja, yeye akaondolewa kwa mlango mwingine.

Jina la Vipo alipewa na wateja. Ukimpigia simu kumuuliza kama viti vipo siku fulani, alikujibu kabla hujamaliza: vipo. Na maturubai? Yapo. Hakuangalia kama kuna mwingine aliyetangulia kuomba siku hiyohiyo. Mdomo wake haukuumbwa kwa ajili ya neno hapana, na aliamini kwamba siku yenyewe ikifika Mungu atafungua njia. Njia aliyofungua Mungu ilikuwa siku zote ni mtoto wa pili wa mzee, binti aliyefanya naye kazi ghalani. Huyo ndiye aliyetumwa kwa mteja wa pili kueleza, kubembeleza, kutafuta viti kwa jirani, kutukanwa na kurudi. Mji mzima ulimwita Dada Samahani.

Basi jioni ileile Dada Samahani alikwenda ukumbini, macho yamemvimba, kuomba viti vya msiba wa baba yake. Mama wa bibi harusi alikuwa akifunga vitambaa vyeupe kwenye viti, kimoja baada ya kingine. Aliposikia alilia kwelikweli, akamkumbatia, akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Pole sana mwanangu," alisema. "Lakini hivi viti baba yako aliniahidi kwa kinywa chake. Nikikupa wewe, mimi wageni wangu nitawaweka wapi?"

Dada Samahani alilijua jibu. Miaka yote alikuwa akiwaambia wenye harusi kwamba wao walichagua siku, mwenye msiba hakuchagua, kwa hiyo wampishe. Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba lilikuwa laini mdomoni. Sasa alilitafuta kwa ajili yake mwenyewe asilione. Alishukuru, akatoka.

Aliyeokoa jahazi alikuwa Bwana Mapambo, mpinzani wao wa siku nyingi, mwenye ghala mtaa wa pili na mazoea ya kupaka jina lake kwa rangi nyekundu nyuma ya kila kiti. Alileta viti bila kuombwa na akakataa malipo, akisema ni heshima yake kwa mzee. Kisha akasimama uani akielekeza vipangwe vipi. Waombolezaji wa Mzee Vipo wakamlilia wakiwa wameegemea jina la Mapambo, na Dada Samahani, akipita na birika la chai, alilisoma jina hilo kwenye kila mstari. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto.

Hapo alidhani ameshaliona baya la msiba huo.

*

Kaka mkubwa, mwalimu wa udereva, aliwasili kesho yake na mkewe kwa lile gari lake la kufundishia lenye breki mbili. Alisalimia, akalia, akanawa uso, kisha akatangaza kama mwenye nyumba kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi kwenye kiwanja chake, kule nje ya mji alikojenga. Vijana wameshaanza kuchimba. Mahali penyewe ni pembeni mwa bustani ya maua, penye kivuli.

Baba mdogo aliinua kichwa. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu wa mwisho, mwashi aliyechoka kifua kwa vumbi la saruji, na alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka kwenye shamba la wazee wao. Alisema kwa upole kwamba mwanawe lazima amechanganya mambo, kwa sababu kaburi la kaka yake tayari limechimbwa, miguuni pa baba yao na mama yao, na kingo za mawe amezijenga yeye mwenyewe kwa timazi.

Kitindamimba, binti wa mwisho, nesi, alitoka chumbani kwa mama yao akiwa na karatasi ya halmashauri mkononi. Alikuwa ameshapata nafasi kwenye makaburi ya mjini, kituo kimoja tu kutoka nyumbani. Wachimbaji walikuwa kazini tangu alfajiri.

Wakatazamana. Marehemu alikuwa mmoja, na makaburi yalikuwa matatu.

"Baba aliniambia mimi," kaka alisema. "Mke wangu shahidi."

"Mimi aliniambia akiwa kitandani hospitali, kaka. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Watoto wangu," baba mdogo alisema, "kaka yangu hawezi kuniahidi jambo kama hilo akanidanganya."

Wala hakuna aliyekuwa akisema uongo, na hilo ndilo lililowachanganya. Wangekuwa waongo ingekuwa rahisi, maana njia ya mwongo ni fupi. Hawa watatu kila mmoja alikuwa na siku yake, mahali pake na maneno yake, na wote walisema huku wakilia. Simu nazo zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Tangazo la kaka lilikuwa limezunguka kwa madereva, la nesi kwa wauguzi, la baba mdogo kwa ndugu wa shamba. Jirani mmoja alikuwa amepata yote matatu, na aliuliza kwa heshima kama familia imepanga zamu. Kila simu iliyopigwa iliuliza tuje wapi, na kila iliyopokelewa na Dada Samahani ilijibiwa kwamba atapiga baadaye.

Walimwendea mama yao. Alikuwa amekaa mkekani chumbani, amegeukia ukuta, miguu yake yenye maumivu ya miaka mingi imefunikwa shuka. Walimuuliza mumewe alitaka azikwe wapi.

"Mwulizeni mwenyewe," alisema.

Walidhani huzuni imempanda kichwani. Walimuuliza tena, kwa kuzunguka, na tena akasema wamwulize mwenyewe, sauti ileile, hakugeuka. Nesi alimpima mapigo ya moyo, akakuta yako sawa.

Ndipo macho yote yakahamia kwa Dada Samahani. Yeye ndiye aliyekuwa na mzee kutwa, akala naye, akabeba naye, akashona naye matundu ya maturubai. Kaka aliuliza kwa niaba ya wote: wewe alikuambia nini?

Alifungua mdomo. Ndani mwake alikuta bei ya sabuni ya kuoshea vitambaa, namna ya kuzipanga nguzo za turubai zisipinde, wateja wakorofi na wateja wema, mzaha wa kila asubuhi kuhusu chai ambayo mzee alidai imepikwa kwa ukungu. Juu ya kifo, hakuna hata neno moja. Kwamba baba yake alikuwa amewapa wenzake wote jambo hili, akamruka yeye, hilo lilimchoma vibaya kuliko alivyotegemea. Alijisikia kama mtumishi aliyegundua kwamba hakualikwa mezani.

"Sasa hivi siwezi kusema," alijibu.

Wao walielewa kwamba anajua na anaficha.

*

Chumba cha maiti kilikuwa na karani mwenye miwani iliyofungwa uzi. Walikwenda wanne: kaka, nesi, baba mdogo na Dada Samahani. Karani aliandika jina, umri, kazi, akafika kwenye mahali pa kuzikwa, akauliza bila kuinua uso. Alijibiwa na sauti tatu kwa pamoja.

Aliinua uso. "Marehemu ni mmoja?"

"Ni mmoja," nesi alisema.

"Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na wa kiume," kaka aliongeza, akitoa kitambulisho.

"Hapa pameandikwa mahali, mzee wangu. Hapakuandikwa nani." Karani akarudisha kifuniko cha kalamu. "Nendeni mkakubaliane. Nyuma yenu wapo waliokubaliana."

Foleni yote ilikuwa imesikia. Mama mmoja alivuta mkoba wake miguuni ili wapite, akawatazama kwa huruma ile ambayo mtu anamtazama nayo aliyejikwaa mbele za watu. Kaka alitoka akisema kwa sauti kwamba ofisi za siku hizi hazina adabu. Nesi, ambaye kila siku yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia jamaa za wagonjwa wakakubaliane kwanza, alitembea ameinamisha kichwa.

Barazani baba mdogo alishindwa kushuka ngazi. Alikaa hapohapo, kifua kikipiga mluzi, akamshika Dada Samahani mkono kwa vidole vyake vilivyokauka kwa saruji. Alimwambia kwamba wote waliozaliwa na mama yake wako chini pale shambani, na yeye ndiye amebaki juu, akifyeka majani.

"Nikirudi mikono mitupu," alisema, "wale nitawaambia nini?"

Dada Samahani alimsaidia kuinuka. Alikuwa ameulizwa maswali mengi na wateja, lakini waliongoja jibu walikuwa hai.

*

Dada Samahani alifanya kitu pekee alichokijua. Alimwendea kila mmoja peke yake, kama alivyowaendea wateja wawili wa siku moja, akauliza si nani ana haki bali ni nini hasa kilisemwa.

Kaka alimweleza ndani ya gari. Ilikuwa siku alipomaliza kuezeka nyumba. Alimtembeza mzee kila chumba, akamfikisha pembeni mwa bustani ya maua, akamuuliza: baba, siku ikifika, utakubali kulala hapa kwangu? Mzee alipatazama, akasema pazuri, nitalala hapa. Kaka alipofika hapo aligeukia dirisha. Alikuwa mtu mkavu, na dada yake hakuwa amewahi kumwona hivyo.

Nesi alisema ilikuwa hospitalini, mwaka ule wa homa ya mapafu. Yeye ndiye aliyeanza: baba, usije ukatuambia tukubebe huko mbali, tukuzike hapahapa karibu tuwe tunakuja. Na baba akamjibu, ndiyo mwanangu, msijisumbue na safari.

Baba mdogo alisema ilikuwa siku walipomzika dada yao. Wakiwa wanakung'uta udongo miguuni, alimuuliza kaka yake: na wewe utakuja hapa kwetu? Akajibiwa, nitakuja, niende wapi pengine?

Dada Samahani alikwenda akakaa ghalani, sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na cha kukalia. Aliyapanga maneno ya wale watatu, akayapangua, na kadiri alivyoyapangua ndivyo alivyozidi kupotea. Kisha aliona kitu ambacho angependa asikione. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mzee anataka nini. Wote walikuwa wameomba, naye akawajibu walichoomba, kama alivyomjibu kila aliyepiga simu. Walikuwa wamemkodi mzee kama viti, wote siku moja, naye akawaambia vipo.

Alimkasirikia. Alimkasirikia marehemu kwa mara ya kwanza, akiwa bado hajazikwa, na hasira hiyo ikamtisha. Ahadi ni deni, na mzee alikuwa ameondoka akiacha madeni matatu ya mwili wake mwenyewe, akijua fika nani atatumwa kuyaeleza. Na kwa nini yeye hakuambiwa? Jibu lilikuwa jepesi mno: hakuuliza. Mtoto gani anamwuliza baba yake mzima atazikwa wapi, asionekane anamhesabia siku? Au labda aliogopa. Labda alijua kwamba angeuliza tu, naye angeambiwa ndiyo, na angeiamini kama wenzake. Hakujua lipi ni kweli kati ya hayo mawili, na pale sakafuni hapakuwa na wa kumwambia.

Ilibaki kazi. Ghalani walikuwa na sheria yao ya siku zilizogongana, na ilikuwa yake yeye, mzee hakuijua. Kwa sheria hiyo hakuangalia aliyetangulia wala anayelipa zaidi. Aliangalia ni nani anaweza kuambiwa samahani akaendelea kuishi. Kaka angekasirika, lakini kaka alikuwa na nyumba, na mke, na hasira ya kumsukuma mbele. Nesi angelia, kisha zamu ingefika angevaa viatu vyake vyeupe aende. Alimfikiria baba mdogo akirudi peke yake kwenye zile kingo za mawe alizojenga kwa timazi. Hakumaliza kufikiria.

*

Walikusanyika Ijumaa sebuleni, wengine kochini, wengine kwenye viti vya Mapambo. Kesho yake ndiyo Jumamosi. Dada Samahani alibaki amesimama, mikono nyuma. Katika maisha yake yote ya kuomba radhi hakuwa amewahi kumdanganya mteja. Kuomba samahani na kusema uongo ni vitu viwili, na alikuwa akijivunia kuvitofautisha.

"Baba aliniambia mimi," alisema. "Tulikuwa ghalani tunanyoosha nguzo. Alisema ameahidi watu wengi kwa sababu hakutaka kuwavunja moyo. Alisema mwisho wa yote, nimpeleke kwa wazee wake."

Baba mdogo alifunika uso.

"Kwa nini hukusema tangu juzi?" nesi aliuliza. "Umetuacha tunadhalilika pale kwa karani, wewe unajua?"

Hilo hakuwa amelifikiria.

"Lini?" kaka aliuliza taratibu, kwa sauti anayowaulizia wanafunzi wake waliokwishakosea. "Siku gani? Na nani alikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama yao alikuwa ametoka chumbani kwa mara ya kwanza tangu msiba, ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, shuka limemning'inia begani. Alimtazama mwanawe mkubwa bila kupepesa.

"Niliwapelekea chai," alisema. "Nikasikia kwa masikio yangu. Kama unataka kuniita mimi mwongo, niite."

Ghala lilikuwa na ngazi ndefu za mbao, na mama huyo hakuwa amezikanyaga kwa miaka, kwa sababu ya magoti. Dada Samahani alilijua hilo. Wote walilijua, kama wangekaa wakafikiri. Lakini hakuna aliyetaka kufikiri tena. Uchovu ulikuwa umewakamata, na walikuwa wamepewa mlango wa kutokea. Kaka akainuka, akaenda nje kuwapigia vijana wafukie.

Walimsikia kupitia dirishani. Kumwambia mtu afukie kaburi alilolichimba kwa siku mbili si jambo dogo, na kaka hakuwa na mazoea ya kujieleza kwa vijana wa kazi. Alianza kwa ukali, akanyamaza, akasikiliza, kisha akasema nisameheni ndugu zangu, mara mbili, kwa sauti ya chini.

*

Walimzika Mzee Vipo kwenye shamba la wazee wake, baada ya safari iliyowavunja viuno. Kingo za mawe zilikuwa zimenyooka kama meza. Baba mdogo aliufuta udongo wa mwisho kwa kidole gumba, akainuka, na pumzi yake ilionekana kumtosha siku hiyo. Kaka hakuonja chakula. Nesi alirudi mjini kwa gari la kwanza kuwahi zamu, akiwa amemkumbatia kila mtu isipokuwa dada yake.

Dada Samahani alibaki akiutazama udongo. Alikuwa amempa baba yake mahali, na hakujua kama amemtii au amemwibia. Alijaribu kumwazia amelala pale kwa raha, akamwona. Alijaribu kumwazia amelala kwenye bustani ya maua ya kaka, akamwona vilevile. Mzee wa watu angelala popote ungemwomba alale.

*

Hazikupita siku nyingi mama yao akawaita wote, na baba mdogo naye akaitwa aje kuwa shahidi. Aliwataka wakae mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kaka alipotoka kupokea simu katikati, mama alinyamaza mpaka aliporudi. Alisema hataki mtu hata mmoja aje kusema kwamba aliambiwa yeye pembeni.

Nesi aliwasha simu yake kumrekodi. Kaka alipewa karatasi aandike. Mama alisema nyumba ni ya watoto wake watatu sawasawa, na isiuzwe yeye akiwa hai. Alisema ghala na vilivyomo ni vya yule anayefanya kazi ghalani. Kaka alifungua mdomo, maana mzee alikuwa amemwambia kwamba ghala ni lake, na nesi naye akamtazama kaka kwa mshangao, maana yeye pia alikuwa ameambiwa hivyohivyo. Wote wawili waliitazama ile simu inayorekodi, wakanyamaza. Kesho yake, mama alisema, watampeleka kwa mwanasheria akatie sahihi.

"Mimi mtanizika hapa mjini," aliendelea. "Asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msinisafirishe, na msichangishe watu kwa ajili ya sanduku la fahari. Likiwa na kifuniko, linanitosha."

"Mama," nesi alisema, "hapo tu rudia. Haikurekodi vizuri."

Akarudia, neno kwa neno, bila kupunguza.

"Lakini mama," kaka aliuliza, "kumbe hutaki kulala karibu na baba?"

"Hujaniuliza ninataka nini," mama alisema. "Umeniuliza kama nitakubali unachotaka wewe. Andika nilivyosema."

Kaka akaandika.

Walipotawanyika, Dada Samahani alibaki chumbani akimsaidia mama kukunja mashati ya marehemu ya kugawa. Alikunja matatu. La nne lilimshinda, akaliacha magotini.

"Mama, wewe ghalani hukuja."

"Sikuja. Na haya magoti?"

"Basi hukusikia kitu."

"Ningesikia nini, na hakuna kilichosemwa?" Mama alilichukua lile shati, akalikunja mwenyewe. "Nilichungulia nikakuona umesimama peke yako mbele za watu. Baba yako alikuacha umesimama peke yako mbele za watu tangu ukiwa msichana. Nikasema leo hapana."

Dada Samahani alilia hapo kuliko alivyolia kaburini, na mama alimwacha alie, akaendelea na mashati. Alipotulia aliuliza lile lililokuwa likimnyima usingizi: je, mzee mwenyewe, chini ya ahadi zote zile, alitaka wapi?

"Baba yako hakutaka kufa," mama alisema. "Hakuwa amefika huko kwenye wapi."

"Na wewe je? Miaka yote hiyo, wewe hakukuahidi kitu?"

Mama alilinyoosha shati la mwisho kwa kiganja, kola kwanza, kisha mikono, akalirudia tena kama kwamba limejikunja.

"Mimi nilimwambia nikitangulia asiniache nikaoshwa na watu baki," alisema. "Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Akasema yeye ndiye atakayenizika."

Binti yake hakujua acheke au afanye nini. Alimtazama mama yake usoni, na mama yake hakuwa akicheka.

"Na mimi," mama alisema, "pamoja na nilivyokuwa namjua yule mtu, nikamwamini."